Nauli ya Mwalimu wa Lugha

(Hotuba iliyotolewa na mjumbe wa Kamati ya Fedha katika hafla ya mwaka ya kuchangia maendeleo ya nyumbani, Dar es Salaam)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, mama zetu, ndugu zangu wote wa Usangi, na majirani zetu wa Ugweno mliokuja kutuunga mkono.   

Nimepewa dakika ishirini. Katibu amenionya kwamba mhasibu akishika kipaza sauti watu hulala, kwa hiyo sitasoma hesabu. Taarifa ya mapato na matumizi mnayo katika kitabu hiki, kurasa za nyuma, na imekaguliwa. Nimeombwa nizungumzie fungu moja tu la bajeti mpya, lile lililotugawa ndani ya Kamati hadi saa nne usiku: fungu la mafunzo ya walimu wa lugha. Nikisema walimu wa lugha nina maana ya wale wanaofundisha Kusoma na Kuandika katika madarasa ya chini, na wale wa Kiswahili na Kiingereza kuanzia juu ya hapo hadi sekondari.

Nianze kwa kukiri kosa langu, maana wengine hapa wanalijua na nisipolisema mimi watalisema wao kwenye pilau.

Miaka mitatu iliyopita tulipokea barua kutoka kwa walimu wa nyumbani. Ilikuwa ukurasa mmoja, imeandikwa kwa mkono, na hesabu chini yake. Walimu 30 waliomba wasaidiwe kukutana mara sita kwa mwaka, siku ya Jumamosi, wajifunze pamoja namna ya kufundisha lugha. Kila mmoja shilingi 10,000 kwa nauli ya bodaboda na chakula cha mchana. Jumla shilingi 1,800,000. Mimi ndiye niliyekuwa napitia maombi. Niliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Posho. Haina matokeo yanayopimika." Nikakata mstari. Siku hiyo hiyo, katika kikao hicho hicho, tulipitisha shilingi 2,400,000 za geti la chuma. Geti lipo, zuri, lina nembo. Kila nikipita naliangalia.

Mwaka uliofuata Kamati ikanituma nikakague hesabu za vyumba vya madarasa tulivyojenga. Mnajua barabara yetu ya kupanda kutoka Mwanga kupitia Kikweni. Mvua ilinyesha, gari la kurudi halikuwepo, nikakaa shuleni tangu asubuhi hadi alasiri. Nimemaliza kuhesabu mabati, nimemaliza kuhesabu madirisha, sina kazi. Mwalimu wa darasa la pili akaniambia, kaka karibu ndani, usilowe. Nikakaa dawati la nyuma, magoti yakagusa kidevu.

Ubaoni palikuwa na sentensi nne. Mtoto mmoja akaitwa mbele, akashika fimbo, akasoma zote bila kukosea. Darasa likampigia makofi. Nami nikapiga. Mimi nina tabia ya ukaguzi, siwezi kuona hesabu iliyokaa sawa bila kuipekua. Wakati wa mapumziko nikamwomba yule mtoto anisomee tena, lakini safari hii nikagusa neno moja tu la katikati ya sentensi ya tatu. Akanyamaza. Kisha akarudi mwanzo kabisa, sentensi ya kwanza neno la kwanza, akaanza kutiririka huku kidole chake kikifuata, mpaka alipofika kwenye neno nililogusa. Hapo ndipo akalitaja. Nikagusa jingine. Akarudi tena mwanzo.

Ndugu zangu, yule mtoto hakuwa anasoma. Alikuwa ameweka ubao mzima kichwani. Ana akili, tena nyingi kuliko zangu. Nilipomweleza mwalimu wake, hakukasirika. Alisema, "Najua, kaka. Wako wengi. Mimi nilisomea kufundisha madarasa ya juu. Nilipofika hapa nilikuwa mgeni kuliko wote, wakanipa darasa la pili. Hakuna aliyenionyesha linafundishwaje." Aliyeniambia hivyo alikuwa mmoja wa wale 30 waliosaini barua niliyoikata.

Sasa naomba mnisikilize kama mwenzenu anayelipwa mshahara kwa kazi ya ofisini. Mimi ni mhasibu mwenye cheti cha Bodi. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu inanitaka nionyeshe kila mwaka kwamba nimeendelea kujifunza. Ikifika wakati wa semina Arusha, mwajiri wangu ananilipia ada, nauli na hoteli, na naandaliwa chai ya saa nne yenye sambusa. Narudi na begi la kitambaa. Hakuna aliyewahi kuandika pembeni ya jina langu kwamba hiyo ni posho. Viwango vya hesabu vikibadilika nusu ukurasa, naitwa nifundishwe. Mtaala wa shule umebadilika mwingi kuliko nusu ukurasa. Ule ulioboreshwa umeanza kutekelezwa kwa awamu tangu Januari 2024, na mwalimu wa kijijini anategemewa aufundishe kesho yake asubuhi. Daktari aliyeko hapa atanisaidia, na mwanasheria pia: nani kati yenu anafanya kazi leo kwa maarifa aliyotoka nayo chuoni pekee?

Nisiseme kana kwamba Serikali imekaa kimya, maana si kweli, na humu ndani wamo watumishi wake. Uko mpango unaoitwa MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Wazo lake ni jepesi na mimi nimelipenda. Badala ya kumtoa mwalimu mmoja shuleni, kumpeleka mjini wiki mbili, na kutegemea akirudi atawaambukiza wenzake, walimu wanajifunzia pale pale shuleni, katika jumuiya za kujifunza, wakiongozwa na mwenzao. Kisha shule za jirani zinakutana ngazi ya kata. Moduli za kusoma ziko kwenye mfumo wa Taasisi mtandaoni, na vitabu vya kiada viko kwenye maktaba mtandao yao, bure. Mnakumbuka vishikwambi vya Sensa ya 2022? Baada ya kazi ile viligawiwa walimu. Kwa hiyo chombo kipo, somo lipo, jumuiya ipo kwenye karatasi.

Kinachokosekana ni vitu vidogo mno hata aibu kuvitaja mbele ya wageni. Bando. Wino wa kuchapishia. Nauli ya mwalimu kutoka shule ya juu mlimani kuja kituo cha walimu kilichoko chini. Chakula cha mchana, kwa sababu Jumamosi hiyo angekuwa shambani kwake. Shule ya msingi inaendeshwa kwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na katika hiyo 4,000 ni ya vitabu, inayofika kwenye akaunti ya shule ni 6,000. Kiwango hicho kilitokana na dola 10 za mpango wa MMEM mwaka 2002, wakati dola ilikuwa karibu shilingi 1,000. Leo 10,000 haifiki hata dola tano. Mwalimu Mkuu mwenye hela hiyo ananunua chaki, anatengeneza kitasa, analipa mlinzi. Akifika kwenye nauli ya kujifunza imekwisha. Simlaumu, na mimi ningefanya hivyo hivyo.

Miradi mikubwa ya wafadhili nayo imetupita pembeni. Ule wa LANES, ulioanza 2014, uligusa walimu wa darasa la kwanza na la pili nchi nzima, na baadhi ya walimu wetu wakongwe bado wana vitini vyake, wanavihifadhi kama hati ya shamba. Lakini EQUIP-Tanzania, kisha Tusome Pamoja, kisha Shule Bora, yote ilichagua mikoa michache, na Kilimanjaro haikuwemo. Ni haki, wenzetu walihitaji kuliko sisi. Ila matokeo yake ni kwamba mwalimu wa Mwanga anasikia habari za mafunzo hayo kutoka kwa shemeji yake aliyeko Morogoro.

Kwa sababu ya aibu ya ile kalamu nyekundu, mwaka jana mimi na wenzangu wawili tulichanga kutoka mifukoni, nje ya chama, tukalipia mikutano miwili. Sikuwaambia kwa sababu haikuwa fedha yenu. Wa kwanza nilihudhuria. Naomba niwaeleze nilichokiona, maana nilikwenda nikidhani nitaona watu wanasikiliza hotuba na kusinzia.

Walikuja walimu 26. Mwezeshaji alikuwa mwenzao wa Kiswahili, mtu wa makamo, mpole. Hakuhutubia. Alitoa nakala za insha moja ya mwanafunzi wa darasa la sita, jina limefichwa, kichwa cha habari "Safari yangu ya Mwanga mjini". Akasema kila mmoja aisahihishe peke yake, kimya, atoe alama juu ya 20. Baada ya robo saa alama zikaandikwa ubaoni. Ya chini ilikuwa 7. Ya juu 16. Insha moja, walimu wa kata mbili, tofauti alama tisa!

Mimi nilikaribia kusimama. Katika kazi yetu, daftari la fedha na taarifa ya benki vikitofautiana, hakuna kwenda nyumbani mpaka tofauti ipatikane. Na wao walifanya hivyo hivyo. Mwalimu aliyetoa 7 alieleza kwamba alikata nusu alama kwa kila kosa la tahajia, na makosa yalikuwa mengi. Aliyetoa 16 alisema makosa aliyaona, lakini mtoto alikuwa na jambo la kusema na alilisema kwa mpangilio. Kisha wakafika kwenye sentensi moja. Mtoto aliandika kwamba gari lilipanda mlima likawa linapumua kama babu. Mwalimu mmoja alikuwa ameipiga mstari mwekundu na kuandika, "Gari halipumui." Mwingine alikuwa ameiwekea nyota. Walibishana nusu saa. Mnajua watu wetu, mtu anaweza kuuza ng'ombe afuatilie kesi ya kuku, na pale kila mmoja alifuatilia kuku wake. Mwishoni yule wa mstari mwekundu akaisoma tena kwa sauti, akacheka peke yake, akasema, "Kweli, hata mimi nimelipanda gari hilo." Akafuta.

Walichokubaliana mchana huo nilikiandika. Kwanza unasoma insha hadi mwisho kabla kalamu haijagusa karatasi. Unaanza na mambo yaliyosemwa, kisha mpangilio, ndipo lugha. Makosa ya lugha huyapigi yote rangi, unachagua mawili yanayojirudia, labda upatanisho wa ngeli na matumizi ya nukta, unamwandikia mtoto hayo, na wiki inayofuata unaangalia hayo tu. Karatasi iliyojaa wekundu haimfundishi mtu. Mwalimu mmoja wa miaka mingi kazini alikaa karibu nami wakati wa chakula akaniambia kitu ambacho sijakisahau. Alisema amesahihisha madaftari peke yake tangu aajiriwe, na wakaguzi wamekuja mara nyingi wakaangalia kama ametia saini na tarehe. Siku ile ndiyo ya kwanza mtu kumuuliza kwa nini ametoa alama hiyo.

Mchana walirudi kwenye kusoma kwa madarasa ya chini, na hapo dada yangu wa darasa la pili, yule wa siku ya mvua, ndiye aliyesimama. Alikuwa amekaa na mwenzake aliyepitia LANES, wakafaragua kadi kutoka kwenye maboksi ya sabuni. Akatuonyesha. Unafundisha sauti ya herufi, si jina lake. Unaanza na irabu na konsonanti chache zinazotokea sana, mtoto aunde silabi, kisha maneno, na maneno unayachanganya kila siku kwenye kadi ili asipate wimbo wa kukariri. Ng', mbw, nyw, hizi zinangoja, kwa sababu mtoto wa miaka saba akikutana na "nywele" wiki ya pili atakimbia. Halafu baada ya kusoma unamuuliza maswali mawili au matatu. Kiswahili chetu kina bahati, herufi zake hazidanganyi, mtoto akishajua silabi anaweza kutamka chochote. Bahati hiyo ina mtego wake: anaweza kutamka ukurasa mzima kama redio na asijue nani alikwenda wapi.

Kiingereza ni kesi nyingine. Mtoto aliyezoea kwamba kila herufi ni mwaminifu anakutana na neno "make", anasoma ma-ke. Anakutana na "come", anasoma ko-me. Amefuata kanuni tuliyomfundisha, na tunamcheka. Akifika kidato cha kwanza masomo mengi yanageuka Kiingereza, na mwalimu wa somo jingine hana muda wa kumngoja.

Mimi nilivaa kibao shingoni wiki ya kwanza ya sekondari. Vijana hamkijui, waulizeni kaka zenu. Ukikamatwa unaongea lugha isiyo Kiingereza unakivaa, mpaka umkamate mwenzio. Nilikivaa siku tatu mfululizo kwa sababu nilikuwa sijui neno la kumkamatia mtu. Nikajifunza kunyamaza. Nilinyamaza miaka minne, nikapenda hesabu kwa sababu namba hazikuuliza lolote. Watu husema nilikuwa na kipaji cha hesabu. Sina uhakika. Huenda nilikuwa najificha. Niliilipa baadaye, kwenye mitihani ya Bodi, pale unapotakiwa kuandika taarifa ya ukaguzi ya kurasa tatu kwa Kiingereza kinachoeleweka. Nilirudia somo hilo mara mbili.

Kwa hiyo nilipomsikia mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, siku ile, akisema mara ya mwisho kuongea Kiingereza na mtu mzima mwenzake ilikuwa chuoni, nilimwelewa haraka. Anafundisha lugha ambayo yeye mwenyewe haitumii na yeyote. Anaandika maelezo ubaoni, wanafunzi wananakili, kengele inalia. Si uvivu. Anaogopa kuulizwa swali asilolitarajia. Walimu wanne wa Kiingereza waliokuwepo wakapatana jambo dogo: wanasoma kitabu kimoja chepesi cha hadithi kwa mwezi, wanakutana alasiri moja kukijadili kwa Kiingereza, na atakayecheka kosa la mwenzake ananunua chai. Nasikia bado wanakutana. Mmoja amenunua chai mara nyingi.

Vyanzo vya kujisomea kwao vipo, na vingi havina gharama zaidi ya bando. British Council wana kozi za mtandaoni za walimu wa Kiingereza zisizo na ada. Mradi wa TESSA, uliotokana na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza na kushirikisha vyuo vya Afrika, una maandiko ya bure kwa walimu wa shule za msingi, na mengine yapo kwa Kiswahili. African Storybook ina hadithi fupi za watoto zenye picha, za Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, ambazo unaruhusiwa kuzichapa na hata kuongeza za kwako. Hapa wazee mnisikie: hadithi mlizotusimulia jikoni kwa Chasu, tukingoja makande yaive, hazijaandikwa popote. Mwalimu akizipata anaweza kuzifanya kitabu cha kurasa kumi cha darasa la tatu. Hiyo haihitaji mfadhili, inahitaji simu ya kurekodi na mjukuu mwenye subira. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza hapa Dar es Salaam mwaka 1991, nao umetoa hadithi nyingi nzuri za Kiswahili, na ndizo ningependa kuziona zikipanda mlima.

Maana vitabu tumewahi kupeleka. Naomba msicheke. Miaka ya nyuma tulisafirisha maboksi ya vitabu vya msaada, tukalipia lori, tukapiga picha. Nilipokagua nilifungua boksi moja. Nikakuta sheria za kodi za nchi nyingine, toleo la zamani, na kitabu cha kuchezea kwenye theluji. Vilikuwa bado na plastiki.

Sasa hoja za wenzangu wa Kamati, nizitaje kwa haki kwa sababu waliozitoa ni watu wazito na wamo humu. Ya kwanza, kwamba hii ni kazi ya Serikali. Ni kweli. Hata madarasa ni kazi ya Serikali, na tuliyajenga. Baba zetu hawakungoja barua walipoitana kwenye msaragambo kuchimba mfereji. Ya pili ni kwamba mwalimu ukimfundisha atahamishwa, na fedha yetu itahama naye. Hii ndiyo niliyoiogopa zaidi, na nimeifanyia hesabu. Ukimpeleka mmoja mjini kwenye kozi ya ghali, akihama umepoteza yote. Wakijifunza 48 pamoja, wakahama watano kwa mwaka, waliobaki wanampokea mgeni na kumwonyesha. Na anayehama anakwenda kumfundisha mtoto wa Mtanzania mwingine. Sioni hasara ya kuandika kwenye vitabu.

Ya tatu ni ya mzee wetu mmoja, na sina jibu kamili. Alisema ukuta unaonekana. Mtu akija na mgeni wake anamwonyesha: hili ndilo tulilojenga. Mafunzo utamwonyesha nini? Mzee, ni kweli, hakuna jiwe la msingi la kuzindua. Tulichokubaliana ni kipimo kidogo. Kila mwanafunzi wa darasa la pili, mara tatu kwa mwaka, atapewa kifungu kifupi ambacho hajawahi kukiona, asome kwa dakika moja, mwalimu ahesabu maneno, kisha amuulize maswali matatu ya ufahamu. Mwalimu mwenyewe ndiye anayepima na kuandika daftarini. Sisi tutapata jumla tu. Majina ya shule hatutayatangaza kwenye kundi la WhatsApp, na hili nasisitiza, kwa sababu siku tutakapoanza kushindanisha shule, watoto wataanza tena kukaririshwa.

Fungu lenyewe ni hili. Walimu 48 wa msingi na sekondari, mikutano sita, shilingi 12,000 kila mmoja kwa nauli na chakula, inakuwa 3,456,000. Bando la 5,000 kwa mwezi kwa miezi kumi, 2,400,000. Vitabu vya hadithi na kamusi chache, 1,500,000. Karatasi na wino, 600,000. Nauli na malazi ya mkufunzi wa chuo cha ualimu atakayekuja mara mbili, 400,000. Jumla 8,356,000. Darasa moja lililojengwa kwa fedha za UVIKO mwaka 2021 lilipangiwa milioni 20. Hakuna posho ya kikao, si ya walimu, si ya kamati, wala yangu. Bodaboda hawana risiti, najua, kwa hiyo kila mwalimu atasaini na kuandika ametoka shule gani, na Afisa Elimu Kata atathibitisha. Fedha itatoka kwa awamu tatu, na awamu ya pili haitoki mpaka hesabu ya kwanza imefika mezani kwangu. Hapo ndipo kalamu nyekundu itakaporudi kazini.

Geti halitaguswa. Ukarabati wa zahanati uko palepale, ukurasa wa nane. Hatujaondoa kitu cha mtu.

Mweka Hazina amekaa mlangoni na daftari la ahadi, safu ya mafunzo ya walimu ni ya tatu kutoka kushoto. Jina langu limeshaandikwa pale, shilingi 1,800,000, nitalipa kwa miezi sita.